WAKILI WA WADADA WA KAZI
Sehemu ya Kumi na Nne: Boke Afuta Kesi

"Nafuta kesi."

Hapo ndipo kalamu yangu iliponyamaza juma lililopita, msomaji, na najua wengine mlinilaani. Boke alikuwa amesimama katikati ya chumba cha usuluhishi mjini Musoma, mikono ameikunja kifuani, na maneno hayo mawili yamemtoka bila yeye kumtazama mtu. Msuluhishi Yusto alibaki ameinua kalamu hewani. Mama Flora, mwajiri wake wa Bunda aliyemfukuza kwa madai ya kuiba mkufu wa dhahabu, aliinamisha macho.

Na Wakili Jenoveva Magige? Yeye alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa tena.

"Mheshimiwa, naomba tupumzike kidogo," alisema. "Mteja wangu na mimi tunahitaji hewa."

"Mteja wako amesema anafuta."

"Nimemsikia. Ndiyo maana naomba hewa."

Msuluhishi akaweka kalamu mezani. "Nendeni mnywe chai. Mkirudi, mje na neno moja."

Walikaa kwenye benchi la nje, ukutani. Jenoveva hakuwa na hasira. Zamani angekuwa nayo. Wakati mawakili wenzake wa Musoma walipokimbilia kesi za viwanja na mitumbwi, yeye alichagua wadada wa kazi, na sasa kichwa kimeota mvi. Kule mtaani Iringo, alikopanga chumba cha ofisi juu ya duka la mabati, watu humwita wakili wa mahausigeli, na hawasemi kwa kumsifu.

Kufutiwa kesi alishazoea. Mmoja alifuta baada ya kupewa godoro. Mwingine mchungaji alimwambia asamehe. Mwingine alifuta kwa sababu bosi wake alimpigia simu, akamwita mwanangu.

"Nani ameongea na wewe?" aliuliza.

"Hakuna."

"Boke."

Boke alivuta pumzi. "Mama Flora. Pale kwenye ngazi, wakati wewe unatoa kopi."

"Amesemaje?"

"Amesema nikifuta, atanipeleka nikamuone Flora."

Jenoveva akafumba macho. Kwa wewe uliyeanza kutusoma leo, jua hili. Boke alimpokea Flora kitovu hakijakauka. Mama Flora na mumewe Benson wana duka la jumla Bunda, na biashara haina likizo ya uzazi. Mama akienda Mwanza kufuata mzigo, mtoto alilala na Boke. Akirudi, mtoto aliendelea kulala na Boke. Miaka tisa ikapita hivyo. Halafu asubuhi moja nguo za Boke zikamwagwa uani, akaitwa mwizi, na mtoto amesimama mlangoni na sare za shule anaangalia.

"Sikiliza," Jenoveva alisema. "Hukupewa notisi. Hukusikilizwa. Likizo hujawahi kwenda hata mara moja. Hayo yote ni haki yako. Huwezi kuitoa haki yako iwe nauli ya kwenda kumuona mtoto."

"Mama wakili, hizo haki nitazifanyia nini kama Flora anajua mimi ni mwizi?"

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Amwambie. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mtoto. Aseme Boke hakuiba. Basi. Nikishasikia hilo naweza nikaenda zangu hata kulima."

Wateja wa Jenoveva walishamuomba mengi: mishahara, nguo zilizozuiwa, hata baba wa mtoto atajwe. Hili hakuwahi kuombwa, na sheria ya ajira, anayoijua kama anavyoijua sala ya Baba Yetu, haina kifungu chake.

Akainuka kwenda kumtafuta Mama Flora.

Alimkuta peke yake kwenye kibanda cha chai nje ya geti. Mumewe hakuja, alikuwa kivukoni Kisorya tangu alfajiri, anavusha mzigo kwenda Ukerewe. Soda ilikuwa mbele yake, haijaguswa.

"Shikamoo mama," Mama Flora alisema.

"Marahaba. Nikae?"

"Kaa tu."

"Umemwahidi Boke mtoto."

"Nimemwahidi kumuona. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa. Ila ahadi za kwenye ngazi mimi siziamini. Tukirudi ndani nitamwambia msuluhishi kwamba mteja wangu amebembelezwa. Kesi itaendelea. Nitauliza mkufu ulipotea siku gani, nani aliutafuta, polisi waliambiwaje."

"Polisi hawakuambiwa."

"Kwa nini?"

Mama Flora alizungusha mrija kwenye chupa.

"Mama Flora, mkufu uko wapi?"

Msomaji, ungekuwepo ungeinuka kwenye kiti. Yule mama alifungua kifungo cha juu cha blauzi, akaingiza kidole, akauvuta mkufu nje. Ulikuwa shingoni mwake. Dhahabu yenyewe, na kidani chake.

"Haukupotea hata siku moja," alisema. "Leo nimeuvaa makusudi. Nilijua utaniuliza. Nimechoka kuuficha kabatini kama vile mwizi ni mimi."

Ushindi ulikuwa mezani pale. Ushahidi wa namna hii wakili huuota usingizini. Jenoveva alijisikiliza, akakuta hana furaha. Miguu tu ilikuwa inamuuma.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Flora aliuguaga malaria, ikampanda kichwani. Mimi niko Mwanza. Boke ndiye aliyembeba hospitali, amemweka mgongoni, mtoto mkubwa vile. Nikapigiwa simu. Nikashuka kwenye basi nikakimbia na vumbi langu lote. Nikafika kitandani. Mtoto akafungua macho, akasema, 'Mama.' Nikainama, nikamwambia mimi hapa mwanangu. Akasema, 'Si wewe.'"

Aliisogeza soda pembeni.

"Nesi alisikia. Na Boke alisikia. Boke akatazama dirishani, akajifanya hajasikia. Mama, kama angecheka ningemsamehe. Alinihurumia. Kuanzia siku hiyo sikuweza kula naye chakula meza moja."

"Ungemuachisha kwa taratibu. Ungempa notisi, ukamuaga."

"Mtoto angenichukia. Nilitaka amchukie yeye."

Muuza chai aliondoa vikombe meza ya jirani.

"Utamwambia Flora," Jenoveva alisema.

"Nitatoa kila kitu kilichoandikwa kwenye madai. Hilo hapana."

"Kila kitu kilichoandikwa utatoa, hilo si la kuombana. Na hili utasema. Au turudi ndani, na huo mkufu ukae mezani mbele ya msuluhishi."

Mama Flora aliurudisha mkufu ndani ya blauzi. "Wewe una watoto?"

"Ninao wawili."

"Nani aliwalea?"

Jenoveva aliinuka, akachukua mkoba. "Mama yangu," alisema. "Nayo ni kazi, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Twende."

Ndani, msuluhishi Yusto alisikiliza pande zote mbili, akakuna shavu.

"Sheria inanipa fidia. Inanipa kurudishwa kazini. Inanipa cheti cha utumishi. Hili la kusema mbele ya mtoto sijapewa."

"Umekatazwa?" Jenoveva aliuliza.

"Sijakatazwa."

"Basi wamekubaliana wenyewe. Andika."

Akaandika. Boke alitia sahihi, jina lake lote, polepole. Mama Flora akatia yake kwa haraka kama mtu anayepokea mzigo.

"Mtatekeleza lini?"

"Leo," Jenoveva alisema. "Watu wakilala, wanaamka na mawazo mengine."

Shule zilikuwa zimefungwa, na Flora alikuwa kwa bibi yake Butiama. Wakaingia wote watatu kwenye gari la wakili, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguliwa kwa nje tu. Mama Flora alikaa mbele, Boke nyuma. Hadi wanafika Makutano na kukata kona, hakuna aliyesema neno.

Halafu Mama Flora akauliza, bila kugeuka, "Mboga za majani hali kabisa. Tangu uondoke. Wewe ulikuwa unampaje?"

"Nilikuwa namwekeaga karanga," Boke alisema.

"Karanga."

"Za kusaga. Na usimwangalie wakati anakula."

Mama Flora alitikisa kichwa, akatazama nje. Jenoveva alibadilisha gia. Kama angekuwa na nguvu angelia, lakini barabara ilikuwa na ng'ombe wengi.

Nyumba ya bibi ilikuwa nje kidogo ya Butiama, ya matofali, imejibanza kwenye majabali. Bibi mwenyewe, ambaye kila mtu humwita Mama Benson, alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe bapa akianika udaga, mihogo iliyovundikwa ya kusagia ugali. Aliwapokea kwa mikono yenye unga, akasalimia, hakuuliza lililowaleta. Akaita kwa sauti, "Flora, una wageni."

Mtoto alitokea mlangoni. Alimuona mama yake, akatabasamu. Alimuona Boke, tabasamu likakatika. Hakukimbia kwenda kwake. Alishika fremu ya mlango.

"Msalimie dada," mama yake alisema.

"Shikamoo."

"Marahaba," Boke alijibu. Alibaki karibu na gari, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Dada amekuja kukuona."

Jenoveva alitazama chini. Makubaliano aliyaandikisha yeye, lakini maneno hayakuwa yake.

"Unakumbuka ule mkufu," Mama Flora alianza. "Ule mkufu ulipatikana."

Boke aliinua kichwa.

"Mama Flora," Jenoveva alisema, taratibu tu.

Yule mama akaenda hadi mlangoni, akachuchumaa, uso wake ukalingana na wa mwanaye.

"Haukupatikana, kwa sababu haukupotea. Nilikuwa nao mimi. Nilisema dada ameiba, na haikuwa kweli. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa wewe."

Flora alifikiri. Mtoto wa miaka tisa akifikiri mbele ya watu wazima, watu wazima hawana pa kuweka mikono. Halafu alimgeukia Boke.

"Mimi niliwaambia watu shuleni."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba dada yetu alikuwa mwizi. Niliwaambia wote. Hadi mwalimu." Machozi yakaanza kumtoka. "Niliwaambia sitaki urudi."

Boke aliondoka pale kwenye gari. Alivuka uwanja, akapita kando ya udaga asiukanyage, akapiga magoti.

"Njoo hapa," alisema. "Wewe uliambiwa na mtu mkubwa, ukaamini. Shule ikifunguliwa utawaambia tena. Uanze na mwalimu."

"Na wakinicheka?"

"Wakikucheka utawaacha wacheke. Mimi siku ile nafukuzwa walinicheka stendi nzima, na nimefika hapa."

Mtoto alimwangukia shingoni. Boke alimnusa nywele, akafumba macho. Mama Flora aliwatazama kidogo, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, na ikasikika sauti ya maji yakimwagwa kwenye beseni.

Wengine mngependa tuishie hapa. Hata Jenoveva alipenda. Alirudi kwenye gari, akakaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Alitaka kufika nyumbani kabla samaki hawajaisha sokoni, ale, alale, na kesho asisikie jina la mtu yeyote anayefua nguo za mwingine.

Kivuli kikamjia. Alikuwa yule bibi, na kikombe cha uji mkononi.

"Kunywa, mwanangu. Umekauka."

"Asante, mama."

Bibi hakuondoka. Alitafuta jiwe, akakaa, akafuta unga mikononi kwa kanga.

"Wewe ndiye wakili wa hawa wanaofanyaga kazi za ndani?"

"Ndiye mimi."

"Wa sasa tu, au na wa zamani?"

"Wa zamani gani, mama?"

Bibi alitazama upande wa nyumba, kule sauti ya Flora ilikokuwa. Alipoongea alishusha sauti.

"Mimi si mama yake Benson."

Jenoveva alidhani amesikia vibaya. Akashusha kikombe.

"Jina langu ni Wegesa," bibi aliendelea. "Hapa hakuna anayelijua tena. Kwetu ni upande wa Tarime. Mama yake Benson alifariki akimzaa. Baba yake, mzee Wanzagi, akaja kwetu akaomba msichana wa kumshikia mtoto, hadi atakapopata mke. Nikaja na kifurushi. Mke hakupata."

"Akakuoa wewe."

"Hakunioa. Hakuna ng'ombe aliyekwenda kwetu, hata ndama. Niliwekewa kitanda chumba cha mtoto, na chumba hicho ndicho nalala mpaka leo. Nimelima hili shamba. Nimechunga. Nimemuuguza mzee mpaka amekufa. Mtoto alipoanza kuongea akaniita mama, na mzee akasema mwacheni aite hivyo. Basi watu nao wakaita hivyo."

"Benson anajua?"

"Hajui. Waliokuwa wanajua wako makaburini. Na mimi ningekwenda nao bila kusema. Lakini leo nimemsikia mkwe wangu pale mlangoni. Nimemuona na huyu msichana. Nikasema kumbe haya mambo yanasemekaga."

Uji ulikuwa unapoa. Jenoveva alijaribu kufikiri kama wakili: muda wa kulalamika, mwajiri marehemu, mkataba wa mdomo, mali ya marehemu. Kila njia aliyoijaribu ilimpeleka kwenye ukuta.

"Kwa nini sasa, mama? Kuna kilichotokea?"

"Benson anauza huu mji. Nyumba na shamba. Anasema mama umezeeka, utakuja kukaa na sisi Bunda." Bibi alichagua maneno. "Anasema nitamsaidia Marieta na mtoto, kwa sababu Boke hayupo."

Marieta ndilo jina la Mama Flora. Jenoveva alimtazama yule bibi, magoti yake yenye unga, vidole vilivyopinda kwa jembe.

"Nilianza na Benson mgongoni," Wegesa alisema. "Sasa nimalizie na mwanaye. Mimi simchukii. Nampenda kuliko mtu yeyote. Lakini nimechoka, mwanangu. Nataka kufia hapa, kwenye shamba nililolilima, na nataka liwe langu. Je, kesi yangu ipo?"

Wakili mwenye akili angesema njoo ofisini tutaangalia. Jenoveva alikuwa amechoka mno kudanganya.

"Sijui," alisema. "Na kama ipo, itabidi umwambie Benson yeye ni nani, na wewe ni nani. Utampoteza mwana."

"Hilo nimelifikiri."

"Fikiri tena, mama. Usiwe na haraka."

"Haraka si yangu," bibi alisema, akaonyesha kwa kidevu.

Gari la mizigo lilikuwa linapanda kutoka barabarani, tupu, turubai limekunjwa nyuma. Lilisimama kando ya jabali. Benson alishuka, mwanaume mnene mwenye uso mwema, bado ana upepo wa Kisorya kwenye nywele. Alimuona Boke amekaa chini, Flora mapajani. Alimuona mkewe anatokea nyuma ya nyumba na uso uliooshwa. Aliona gari asilolijua. Alisimama, hakuelewa kitu, basi akafanya alichozoea kufanya tangu utotoni kila asipoelewa kitu. Alimtafuta bibi kwa macho.

"Mama," aliita, "umeshafungasha? Wanunuzi wa shamba wanakuja kesho kulipia."

Wegesa hakuinuka kwenye jiwe. Hakumtazama hata. Alimtazama Jenoveva, akachukua kikombe mikononi mwake kwa upole, kana kwamba anampunguzia mzigo.

"Mjibu wewe," alisema. "Mimi nimeshapata wakili."